Rangi ya Kukataa

Kuna wanaorithi shamba na kuna wanaorithi ugomvi. Fundi alirithi rangi. Kaka yake alipokwenda ng'ambo kuangalia mitambo ya umeme, alibeba nguo zake, redio yake na fungu lake la karata, akamwambia dada yake mdogo mlangoni: "Buluu nakuachia wewe. Usiniaibishe."

Mchezo wenyewe hauna makuu. Ni karata zenye picha na maneno. Unanunua, unabadilishana na wenzako, kisha unachagua sitini unazozipenda na hilo ndilo fungu lako. Rangi ziko nne. Nyekundu ni moto na haraka, kijani ni wanyama wenye miili yao, manjano ni askari wadogo wanaokujia kwa msururu mpaka ukome. Buluu ni maji na akili. Mchezaji wa buluu hana haja ya kukupiga. Anakaa, anakutazama, na kila ukiweka karata mezani anakuambia hapana.

Angalau hivyo ndivyo ilivyokuwa hapo mwanzo, na karata iliyotawala siku hizo ilikuwa Lango. Picha yake ni lango la mawe ya buluu, limefungwa, na chini yake maneno haya: "Karata ya mwenzako ifutwe, isirudi tena." Kaka alikuwa nazo nne, kwa hiyo wenzake wakampachika jina hilohilo. Kucheza naye ilikuwa adhabu. Unaweka mnyama, anafutwa. Unaweka mwingine, naye anafutwa. Ukishachoka mwili na roho, Lango analeta nyangumi wake mmoja, anakumaliza kidogo kidogo huku akipiga mluzi. Mwoka mikate, ambaye ni mtu wa kijani, aliwahi kuinuka katikati ya mchezo kwenda kutoa mikate tanurini, akarudi akakuta hajapitwa na lolote.

Malalamiko yalipozidi, waliotengeneza mchezo wakaanza kuibadilisha buluu, na Fundi akayaona mabadiliko yote yakipita juu ya meza ya karakana yake ya kupimia macho na kutengenezea miwani, ambako wachezaji hukutana kila Jumamosi mchana. Kwanza karata za kukataa zikawa adimu, wakaletwa ndege wadogo wa kudonoa. Fundi alinuna msimu mzima. Buluu gani hii inayodonoa kama kuku? Kisha Lango lenyewe likachapishwa upya. Picha ni ileile, jiwe kwa jiwe, ila maneno mengine: "Karata ya mwenzako irudi mkononi mwake. Ataweza kuicheza tena." Hapo nusura auze kila kitu. Alikaa nalo hivyohivyo kwa hasira, mpaka siku moja akang'amua kwamba aliyerudishiwa karata amepotezewa zamu nzima, na katika mchezo ule zamu ndiyo mali. Akaanza kushinda. Baadaye zikaja karata za kunakili, na buluu ikageuka kabisa. Ile ya zamani ilikuwa bawabu mkali. Hii ya sasa inakufungulia, inakukaribisha kiti, halafu inatoka nje imevaa nguo zako.

Kaka aliporudi, mkataba wake ukiwa umekatizwa, alirudi na fungu lilelile.

Alipewa chumba cha nyuma ya karakana. Nje ya meza ile hakuwa na rafiki tena mjini, waliokuwapo walikufa au walihama. Wiki nzima alishinda chumbani akisikiliza redio, akitoka Jumamosi tu, kucheza. Fundi alishikilia Jumamosi hizo kwa meno. Alimjua kaka yake. Akiiacha meza ile, atajifungia, na akijifungia hatatoka.

Na meza ilikuwa inamchoka. Wenzake walivumilia mwezi wa kwanza kwa heshima ya zamani. Mwezi wa pili mwalimu wa hesabu, ambaye hucheza nyekundu na hana subira hata na kengele ya shule yake mwenyewe, alimvuta Fundi pembeni.

"Dada, tunacheza au tunaomba ruhusa? Msimu unaanza Jumamosi ijayo, na msimu ni karata za chapa mpya tu. Kaka yako hajapewa msamaha na mtu."

"Nitaongea naye."

"Ongea naye kweli. Sisi tunampenda, ila hatuwezi kufutwa kila wiki."

Aliongea naye. Alimletea fungu jipya, zuri, alilolipanga mwenyewe kwa siku kadhaa. Kaka alilishika, akalizungusha mkononi, akalirudisha mezani bila kutazama hata karata moja.

"Buluu ni ileile, mdogo wangu. Haya mengine ni mapambo."

"Jaribu tu, Kaka. Mara moja."

"Sikio halipiti kichwa. Buluu nilikufundisha mimi."

"Sasa nataka kukufundisha kidogo na mimi, kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya. Sitaki tu."

Fundi alitoka pale amefura. Kiburi, alisema moyoni. Kiburi cha mtu aliyerudi mikono mitupu. Na kama ilivyo desturi ya wadogo wanaowapenda wakubwa wao kupita kiasi, akaamua kumsaidia kwa nguvu. Ijumaa, kaka yake alipokuwa anaoga, alifungua lile fungu la zamani, akatoa zote zisizoruhusiwa, akaweka chapa mpya za karata zilezile. Samaki kwa samaki, nyangumi kwa nyangumi, na Lango nne kwa Lango nne. Picha hazikupishana hata chembe. Mtu aliyecheza karata hizo miaka yote, alifikiri, ataona maneno mapya mara atakapoinua ya kwanza. Atanitukana, atacheka, kisha atazicheza kwa sababu hana nyingine.

Hapo ni lazima ielezwe desturi moja ya meza ile. Karata za kwanza kabisa zilikuja kwa lugha ambayo wachache waliijua, hivyo kila anayeweka karata alilazimika kuisoma kwa sauti na kuwafasiria wenzake. Karata za lugha yao zilipofika, tabia ikabaki. Karata isiyosomwa haijachezwa. Wageni huwacheka, wao hawajali.

Jumamosi ikafika. Kaka alipangiwa mwalimu wa hesabu. Fundi, badala ya kucheza, alijifanya anakaza skrubu za miwani ya mteja ili akae karibu na kuona uso wa kaka yake utakavyobadilika. Kaka aliinua karata zake za mwanzo. Uso haukubadilika. Akaweka samaki, akamsoma kwa sauti yake nzito. Samaki huyo maneno yake hayajawahi kubadilishwa, kwa hiyo mambo yakaenda. Fundi akashangaa kidogo. Labda ameshaona, ananikomoa.

Mwalimu akaweka joka lake kubwa, akalisoma kwa madaha. Kaka akatabasamu, akachomoa karata, akaiweka mezani taratibu.

"Lango," alisoma. "Karata ya mwenzako ifutwe, isirudi tena."

Mwalimu aliinama, akasoma, akainua uso. "Mzee, haisemi hivyo."

"Inasema hivyo tangu ulipokuwa huna ndevu."

"Hii ni chapa mpya. Inasema irudi mkononi. Soma mwenyewe!"

Kaka aliichukua karata. Aliisogeza usoni, akageuza kichwa kidogo upande, akaitazama kwa pembe ya jicho. Akaisogeza tena.

"Ifutwe," alisema, kwa sauti ndogo zaidi. "Isirudi tena."

"Huo sasa ni wizi mchana kweupe!" mwalimu alifoka, akapiga meza.

Bisibisi ilimtoka Fundi mkononi. Amepima macho ya nusu ya mji. Kichwa kinachogeuka vile, kikitafuta kipande cha jicho ambacho bado kina mwanga, amekiona kwenye kiti chake mara nyingi, na mara ya kwanza kabisa alikiona kwa baba yake. Mara yote yakamjia pamoja. Bega la kushoto lililogonga mlango kila siku. Kikombe kilichotafutwa kwa vidole. Fungu jipya lililozungushwa mkononi bila kutazamwa, kwa sababu hakuna ambacho angekiona. Kaka yake hakung'ang'ania buluu ya zamani kwa kiburi. Ilikuwa ndiyo pekee aliyoijua kwa moyo. Picha aliitambua kwa ukungu wa rangi, maneno akayatoa kichwani, na za wenzake akasomewa na wenyewe. Penye miti hapana wajenzi. Mtu amekaa na mpima macho nyumba moja, na mpima macho akaona kiburi tu.

"Si mwizi," alisema. "Nimezibadilisha mimi. Hakujua."

"Hata kama umezibadilisha, Dada, maneno yapo pale, si asome..." Mwalimu aliishia hapo. Alimtazama Kaka, aliyekuwa bado ameishika karata karibu na pua, na akaelewa. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe sana, ndugu yangu."

Kaka aliinuka. Akatafuta ukingo wa meza, akaufuata, akaenda chumbani kwake. Mlango ukafungwa.

Wachezaji walipotawanyika, Fundi aliingia bila kubisha.

"Tangu lini?"

"Achana na mimi."

"Nakuuliza tangu lini!"

"Jicho la kushoto, muda mrefu. La kulia linaniaga." Alikaa kitandani, mikono magotini. "Unadhani walikatiza mkataba wangu kwa nini? Mtu haoni mshale wa mita."

"Na mimi niko hapa! Ukuta mmoja na mimi! Ungesema siku ile uliyoshuka, ningekupeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Mficha maradhi kilio humfichua, hukufundishwa? Baba hakukutosha?" Alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja, na hakuona haya.

"Baba ndiye sababu," Kaka alisema. "Unakumbuka drafti zake? Siku ilipojulikana haoni, hakufungwa tena mpaka anazikwa. Wote mlimwachia. Alikuwa anashinda, anakaa kimya, anashinda, anakaa kimya. Mlidhani hajui?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja.

"Nilitaka miezi michache," Kaka aliendelea. "Watu wanione mkorofi. Wanichukie kwa haki, kama mchezaji. Sasa Jumamosi watakuja kunihurumia. Mimi sitoki tena."

Jumatatu alimpeleka kwa daktari wa macho, nusu kwa maneno, nusu kwa kumshika mkono. Ilikuwa presha ya macho, ileile ya baba yao. La kushoto limekwenda na halirudi. La kulia limebaki na tundu dogo la kuonea pembeni, na matone ya asubuhi na jioni, maisha yake yote, huenda yakalishikilia. Daktari alisema huenda, na Fundi aliwajua madaktari kiasi cha kujua hakuwa anabembeleza.

Matone Kaka alikubali. Meza alikataa. Mwalimu alikuja mwenyewe kumwomba, akaitwa kijana mwema na kurudishwa. Mwoka mikate alikuja na mkate wa moto, mkate ukapokelewa, yeye akaambiwa kwaheri. Ijumaa jioni redio ilikuwa inaongea peke yake mle ndani.

Fundi aliingia na fungu lake mwenyewe, lile alilochukulia ubingwa, na tupa nyembamba anayochongea fremu za miwani. Akaizima redio.

"Nakusomea moja moja. Ukishaishika kichwani, unaitia alama yako ukingoni, unayoijua wewe. Kesho unacheza na mimi. Na mimi sikuachii, nakuapia. Nitakuchapa mpaka utamani kurudi ng'ambo."

"Utaziona alama."

"Nitageuka."

"Karata iliyochongwa haina thamani tena. Hizi ni zako."

"Nasoma," alisema Fundi.

Akasoma. Karata tatu za kwanza Kaka aliziacha zipite. Ya nne akaomba arudie. Ya tano akauliza, "Kwa hiyo akirudishiwa, zamu yake imeliwa?" na Fundi akajibu ndiyo, imeliwa, na Kaka akaguna mguno ambao dada yake hakuwa ameusikia tangu aliporudi. Akanyoosha mkono, akapewa tupa. Wakaenda hivyo, mmoja anasoma, anampa mwenzake, anageukia ukutani.

Kisha ikafika Mwangwi. Ni karata ya kunakili, na kwenye meza ile hakuna aliyenayo isipokuwa Fundi. Aliitafuta miaka, akatoa sanduku zima la karata nyingine ili aipate, na tangu hapo hajaigusa bila kuosha mikono. Aliitoa kwenye mfuko wake wa nailoni, akaisoma mpaka mwisho, akaiweka kiganjani mwa kaka yake.

Kaka aliipapasa. Hata vidole vilijua.

"Hii ndiyo ile uliyoniandikia barua juu yake."

"Ndiyo."

"Mbona ngumu hivi, haijakunjika hata kona." Akaishusha magotini. "Hii hapana, mdogo wangu. Hii tuiache."

"Chonga, Kaka."

"Itaharibika."

"Chonga."

Akageukia ukutani, akafumba macho, akangoja. Kisha tupa ikaanza kula ukingo wa karata.