Doa Lisilo la Pasi

Bibi Pasi, kama walivyomwita kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikuwa amenyoosha nguo miaka kumi na tisa bila kuunguza hata leso. Asubuhi hiyo msimamizi alimwekea mezani fomu iliyojazwa kwa Kiingereza: koti jeupe la mgeni, alama ya kahawia kwenye ukosi, sababu "scorch". Akitia sahihi, pasi anaiacha, anashika ufagio.

"Weka sahihi hapo mama, nina kikao."

Bibi Pasi alisoma taratibu, kidole chini ya neno. "Hili ni la kuungua na pasi. Kwa nini hukuandika 'stain', doa tu?"

"Si yote alama? Usinisumbue na Kiingereza."

"Kwako yote mamoja. Mimi hilo moja linaniondoa kwenye meza hii."

Fundi wa mashine, mikono imejaa povu, akaguna, "Mwalimu wetu kaamka."

Bibi akalipapasa koti. Palipoungua nyuzi hukakamaa. Hizi zilikuwa laini. Akachukua ndimu aliyojiwekea ya chai, akaikamulia alama, akanyunyiza chumvi, akaishikilia juu ya mvuke, meno kayauma. Kahawia ikapauka, ikawa manjano, ikapotea. Akasuuza ukosi.

"Kutu," akasema. "Ya lile bomba nililokuonyesha mwezi mzima, ukaniambia nishughulike na pasi yangu."

Msimamizi akakwepesha macho. "Basi yaishe. Lete niichane."

Bibi akaibana fomu kwa kiganja. "Haichanwi. Mapokezi umeshawaambia nimeunguza. Karatasi itakwisha, maneno yako yatabaki. Kata neno lako, andika langu la 'stain', na chini yake andika bomba."

"Nikiandika bomba wataniuliza mimi."

"Ndiyo tofauti yake, mwanangu. Neno moja naulizwa mimi, la pili unaulizwa wewe. Na uliijua tangu ulipoishika kalamu, kwa hiyo usinifanye mjinga."

Msimamizi akaandika. Herufi zilimtoka mojamoja, kama anang'olewa meno. Bibi akazisoma zote, akamwambia aende na fomu yake kwenye hicho kikao.

Koti lilipokauka akaishika pasi. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, akairudisha kwenye kibao chake, akasubiri. Ilipotulia ndipo akaugusa ule ukosi.