Asilimia Tano ya Mwisho

Usiku wa jana niliota nimeingizwa ndani ya mnara wangu mwenyewe, ule wa kutenganisha spiriti na maji, ninaouendesha kiwandani mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mlangoni nilipokewa na hamira. Ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa kazini.

"Karibu, Kihwele. Sisi tumekula molasi, tumekutengenezea pombe, pombe imetuua. Anayepandishwa cheo ni wewe. Hongera."

"Asanteni," nikasema.

Ni kweli. Nyumbani mezani kuna fomu. Nikitia sahihi asubuhi kwamba mtu mmoja anatosha kuuendesha mnara, mimi nakuwa msimamizi, na mwenzangu Ndimbo anarudi kwao Songea.

Kanuni naijua: ukichemsha, chepesi hupanda, kizito hubaki. Moto unawashwa. Napanda. Ghorofa ya kwanza naacha buti. Ya pili naacha kitambi. Ya tatu nataka kuacha darasa la sita, nilikoishia shule. Hamira wananiambia hilo halina uzito, niendelee nalo.

Mara mnara umekuwa ofisi. Nyuma ya meza kuna kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye spiriti kusoma ukali wake. Kimevaa tai. Kinajizamisha ndani yangu hadi shingoni, kinasoma.

"Asilimia tisini na tano. Tunataka mia. Una maji."

Natazama chini. Ndimbo ananing'inia kwangu, ovaroli imelowa chapachapa.

"Mtani, niachie."

"Nikuachie nini? Mhehe gani atamshika Mngoni kwa hiari yake? Wewe ndiye umenishika!"

"Chemsheni tena," kinaamuru kipimo.

Wanachemsha. Tunapanda wote. Wanapoza. Tunashuka wote. Ndimbo anaulizia chai.

"Miaka yote hiyo," kipimo kinanigombeza, "hujui kwamba ikifika tisini na tano moto hautenganishi tena?"

"Najua. Sikudhani ni sisi."

"Basi tia sahihi, tuwatenganishe kwa karatasi."

Napewa kalamu. Mkono wa kulia umefumba ngumi, haufunguki.

Nikaamka. Kumekucha, na ngumi bado imefumba. Nikaifungua kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Ndani kulikuwa na kifungo cha bluu cha ovaroli, kimelowa, na uzi wake umeng'oka nacho.

Ovaroli yangu mimi ina zipu.

Nikakifungia ndani ya ile fomu, bila sahihi, nimpelekee mtani akishone.