Moyo Unaovuma

Kwa muda mrefu Dzifa, mwanafunzi wa udaktari mjini Ho, Ghana, aliinamisha kichwa kila alipoulizwa kuhusu sauti za moyo. Kitabuni alizielewa, lakini masikioni zilimpiga chenga. Ndipo mwalimu wake, Daktari Agbenyega, alipoanza kuwarekodia wanafunzi podikasti: mapigo ya moyo wa mgonjwa, kisha maelezo yake ya taratibu.

Dzifa alizisikiliza akifua, akisonga ugali wa banku, hata akisukwa nywele.

"We Dzifa, bwana gani huyo asiyekwisha maneno?" alimtania Enyonam, aliyeishi naye chumba kimoja.

"Si bwana, ni vali ya moyo inayovuja!"

"Makubwa!"

Asubuhi moja wodini, daktari alimwita mbele ya wenzake amsikilize mama mmoja muuza vitenge aliyelalamika kukatwa pumzi. Dzifa akamwekea stetoskopu kifuani, akafumba macho. Du, fyuuu, du. Sauti ile aliijua kama wimbo! Akajikuta anacheka.

"Mbona wacheka, mwanangu? Ndiyo nakufa?"

"Hapana, mama! Nimesikia kinachokukata pumzi!" Akamgeukia mwalimu. "Vali ya kushoto haifungi sawasawa. Damu inarudi nyuma."

Daktari akasikiliza kwa makini, kisha uso ukamkunjuka.

"Hasa! Mama, sasa tunajua pa kuanzia kukutibu. Na wewe Dzifa, podikasti ijayo utaieleza wewe."

"Mimi? Leo leo, Daktari?" Dzifa akauliza, naye karibu aruke pale pale wodini.