Upande wa Dada Mkubwa
...na kidole chenyewe ndicho kilichokosea, bibi alitaka kugusa "dada mdogo" kikaangukia "dada mkubwa", maana maneno yamebanana kwenye kioo cha lile jisimu pana la mjukuu kama watu kwenye foleni ya choo, na kioo kikawa cheupe, cheupe pe, akangoja kama anayengoja maji yachemke, wapi, ilhali upande wa dada mdogo, yaani upande wake mwenyewe, ukigusa tu mistari inamwagika, Fundi Saa anakuja na baiskeli kumposa dada mkubwa, Fundi Saa anatoweka, neno linazaa neno, shairi la kuguswa hilo, mjukuu kalitunga kwa hadithi ya bibi, msomaji anachagua mwenyewe aandamane na nani... "Limeharibika hili," akasema. "Halijaharibika, bibi, upande wake sina maneno, wewe hukunipa," na mjukuu hata hakugeuka, anabofya zake, mgongo umenyooka kama anapimwa nguo, mkao wa dada kabisa... maneno ya kumpa nani, miaka arobaini hadithi hii imechekesha majirani, mashemeji, mpaka muuguzi aliyemchoma sindano, hakuna aliyeuliza na yule dada je, dada aliachwa kwa sababu ya mdomo wake, basi, ndivyo inavyosimuliwa, na inasimuliwa vizuri... "Au nimpigie bibi mkubwa anijazie? Kesho kutwa linaonyeshwa maktaba." Haya sasa, dada yu hai, ana simu, ana kumbukumbu kuliko karani, atasema mdomo haukuwa wake, kuna mtu alikwenda kwa mama yake Fundi Saa mchana kweupe akanong'ona kwamba mwali ana kifafa, uongo mtupu, na wala si kwa wivu, alitaka tu kuona uso wa mama mtu ukigeuka, ukageuka kweli, akakaribishwa na soda juu, baridi, na aliporudi dada alikuwa dirishani anapiga pasi, akamwona anatokea uchochoro wa kwa kina Fundi Saa, akamtazama viatu, akauliza, umekula?... akampakulia... hiyo bibi hajawahi kuisimulia, haichekeshi... kumbe alijua, alijua na pasi mkononi, akanyamaza, wala hakuolewa kamwe... "Bibi, nimpigie?" ...na dada atajibu nini, si atasema ni zamani sana mwanangu, sikumbuki, andika alivyokwambia bibi yako, atamfunika tena kama alivyomfunika siku zote, na hilo ndilo analoliogopa sasa, siyo kwamba dada atasema, ni kwamba hatasema, na watu wataugusa ule weupe, wataona hakuna kitu, watarudi upande wa pili kucheka... "Bibi, nakuuliza wewe." "Nakusikia, mama, ngoja kidogo," na kioo ni cheupe vilevile, kidole hakijaondoka, na yeye, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia, anatafuta pa kuanzia.