Mlima Usio Katika Safari

Sheria ya msafara ilikuwa moja tu: anayepanda gari, safari yake imekwisha. Anaweza kushuka akaendelea kupiga pedali mpaka mwisho wa dunia, lakini atakaa mkiani, hatapewa zamu ya kukaa mbele kuwakatia wenzake upepo, na siku wakifika mpaka wa pili wa nchi hatasimama kwenye picha ya waliovuka. Ataitwa abiria. Kamanda aliitangaza sheria hiyo kila asubuhi, kifua mbele, ndani ya kaptura iliyombana mpaka wenye adabu wakatazama pembeni.

Msusi aliisikiliza huku akitafuna mkate. Kwake yeye Kamanda hakuwa kamanda, alikuwa mume wa dada yake, mwalimu wa michezo aliyekuja kuposa akashindwa kumaliza sentensi mbele ya baba mkwe. Ndiyo maana alipomwambia, "Shemeji, safari hii si ya kusuka nywele," Msusi alimjibu, "Nywele nimeziacha saluni. Miguu ndiyo nimekuja nayo." Miguu hiyo ilisimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Wateja wake walikuwa wamemcheka kwenye kioo, kwamba atarudi amelazwa nyuma ya gari kama gunia. Akawaapia: kutoka mpaka hadi mpaka, bila kubebwa hata hatua moja.

Jana sheria ilimkamata Mzee Fundi, mchomelea vyuma, mkubwa wao kwa umri. Goti lilimvimba katikati ya soko. Dada yake Msusi, aliyekuwa akiendesha pikapu ya maji na mahema, akamwonea huruma, akampakia mpaka kituo cha mafuta, mwendo ambao pipi moja haimalizi kuyeyuka mdomoni. Kamanda alikuwa anawangoja hapo, mikono kifuani.

"Pole, Mzee. Kuanzia sasa wewe ni abiria."

Mzee Fundi alicheka, akasema hata abiria hufika. Lakini usiku ule sahani yake ilirudi jinsi ilivyokwenda, na Msusi aliiona.

Leo waliondoka na baridi, kila mtu macho kwenye gurudumu la mwenzake, kama Kamanda alivyowafundisha. Ukiinua kichwa mstarini, alisema, unakula upepo wa bure. Basi hakuna aliyeinua kichwa. Walipofika kileleni, kwenye mnara wa simu, barabara iligawanyika. Kamanda aliona mteremko mbele yake, mteremko mtamu, akauingia kwa mbio akitaka kuwaonyesha vijana namna ya kukata kona. Wote wakamfuata, gurudumu nyuma ya gurudumu, wakapiga vifijo, machozi ya upepo yakiwatoka, chini, chini kabisa, mpaka lami ikaisha, vumbi jeupe likawapokea, na wakasimama mbele ya geti.

Mlinzi alitoka akiwa na kikombe cha chai.

"Karibuni. Mmekuja kuchukua kokoto na baiskeli?"

Yalikuwa machimbo ya kokoto. Barabara ilikuwa imefika mwisho wake.

"Hakuna aliyeona tumepotea?" Kamanda aliuliza.

"Mimi niliona mgongo wa Kinyozi," alisema Msusi.

"Na mimi niliona wako," alisema Kinyozi, kijana mwembamba aliyekuwa mbele ya Msusi mstarini, akamwonyesha kidole Kamanda.

"Mimi abiria," alisema Mzee Fundi. "Nilidhani wenye safari mnajua mnakokwenda."

Watu wakacheka, isipokuwa mmoja. Waliutazama mlima walioushuka. Ulikuwa umening'inia juu yao, kona juu ya kona, na malori ya kokoto yakipanda kwa kunguruma kama yanatukana.

Kamanda alipiga makofi. "Sikilizeni. Mlima huu haumo katika safari. Tunapakia baiskeli, tunarudishwa juu kwa zamu mbili, tunaanzia pale tulipokosea. Hakuna atakayehesabiwa kuwa amepanda gari."

"Na hilo ni nini, shemeji?" Msusi alinyoosha mkono kwenye pikapu. "Kabati?"

"Usinianze."

"Sijakuanza. Nauliza tu Mzee jana alipanda nini."

"Mzee alikuwa kwenye njia yetu. Hapa tuko nje ya njia."

"Kwa hiyo ukipotea wewe, na sheria nayo inapotea."

Mlinzi aliacha kunywa chai.

"Mimi na huu mlima hatujatambulishwa," alisema Kinyozi, akainua baiskeli yake akaiweka nyuma ya pikapu. Wengine wakamfuata, macho chini.

"Nimeshuka kwa miguu yangu, nitapanda kwa miguu yangu," alisema Msusi.

"Hatutakungoja juu. Ukikuta tumeondoka, umeacha safari."

"Ondokeni. Barabara haikujengwa na ukoo wako."

Mzee Fundi naye aligeuza baiskeli yake.

"Mzee, wewe unatafuta nini?" Kamanda alifoka. "Wewe umeshatoka!"

"Ndiyo raha yake, mwanangu. Mtu hafukuzwi mara mbili."

Kona ya kwanza walipanda pamoja. Ya pili Mzee alishuka akaanza kusukuma, akamwambia Msusi atangulie, asimfanye ajione mgonjwa. Jua lilikuwa limesimama wima. Pikapu iliwapita ikiwa imejaa. Dada mtu alitoa kichwa dirishani.

"Mdogo wangu, ingia. Huyu bwana nitamnyamazisha mimi."

"Mnyamazishe tu, lakini mimi siingii."

Kona iliyofuata mnyororo ulichomoka. Aliurudisha, mikono ikawa myeusi mpaka viwiko, akajipangusa jasho, na uso nao ukawa mweusi. Alikuwa ndiyo kwanza amepanda tena, lori likapunguza mwendo kando yake.

"Sista! Rusha hicho kichuma humu, nikufikishe juu!"

Nyuma hapakuonekana mtu, mbele hapakuonekana mtu. Angepanda lori, angeshushwa kabla ya kona ya mwisho, na nani angejua? Mkono wake ulikuwa umeshashika ubao wa lori. Ukaona ulichokifanya, ukaachia.

"Asante, kaka. Usafiri ninao."

Dereva alicheka, akamwachia vumbi lote. Msusi alishuka kwenye tandiko, akasukuma. Sheria haikukataza kusukuma. Alisukuma akitukana kimoyomoyo, tusi moja kwa kila hatua, na matusi yalipomwishia akaanza upya. Pikapu ilipita mara ya pili. Kamanda alikuwa kiti cha mbele, kioo kimefungwa, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Alipotokeza kwenye mnara wa simu aliwakuta wote. Walikuwa wamejipanga mstarini, baiskeli zinang'aa, na hakuna aliyetoka. Dada mtu alikuwa amekaa juu ya boneti na ufunguo wa gari kiganjani.

"Gari hukaa nyuma ya mtu wa mwisho," alikuwa anamwambia mumewe. "Maneno yako hayo, baba watoto. Na mtu wa mwisho hajafika."

Msusi alikunywa maji, mengine akajimwagia. Uso wake ulikuwa na michirizi ya grisi, na hapana aliyethubutu kumcheka.

"Umefika, vizuri," alisema Kamanda. "Ingia mstarini. Nyuma ya Kinyozi."

"Mstari upi? Naona abiria tu."

"Shemeji!"

"Jana ulimhukumu mtu mzima kwa goti lake. Leo mmebebwa mlima mzima, na magoti mnayo."

"Kamera ni yangu. Picha napanga mimi."

"Ipange. Utanikuta ng'ambo ya mpaka nimeshavuka."

Mzee Fundi alikuwa anakuja, amepanda tena baiskeli yake, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili. Msusi hakumruhusu asimame. Alimsogelea kwa baiskeli, akampa chupa ya maji wakiwa mwendoni, wakaupita mstari wote, wakampita na Kamanda, wakashika ile barabara nyingine. Upepo ulikuwa unawapiga usoni.

"Mzee, kaa nyuma yangu upumue. Kwenye daraja lijalo zamu ya mbele ni yako."

"Abiria nikate upepo?"

"Nani kasema wewe abiria?"

Dada mtu alishuka kwenye boneti, akawasha gari, lakini hakuliondoa. Nyuma yake Msusi alisikia sauti ya Kamanda ikiamuru kitu, kisha ikaamuru tena. Halafu mnyororo mmoja ukaanza kuzunguka, na mwingine. Hakugeuka kutazama ni ya nani. Aliinamisha kichwa, kisha akakumbuka geti la machimbo, akakiinua.