Kibuyu cha Nalotuesha

Kila Jumatano jioni, kwa miaka mingi, Saning'o alikuwa akiwagombeza watu redioni, nao walimpenda kwa hilo. Alisema anayeuza ardhi leo, kesho atakuwa askari wa geti katika shamba lililokuwa lake. Alisema vijana wanaovaa suruali zinazoning'inia hawakukosa mshipi, walikosa baba. Na alisema mwanamke ana enzi yake nyumbani na mwanamume ana yake barazani, wasiingiliane. Kitengela ilikuwa ikiota majumba kila kukicha, na maneno hayo yaliwaingia hata Wakamba wa machimbo ya mawe.

Mwaka 2007 akaamua kugombea udiwani. Muteti, muuza mawe aliyemwendeshea kampeni, alimshauri aende mikutanoni na mkewe, maana mgombea asiyeonekana na mke hutiliwa shaka. Mkewe, Nalotuesha, akaja. Alitakiwa asalimie tu. Akasalimia kwa Kimaasai, akasalimia kwa Kiswahili, kisha akawatania akina mama wa Kikamba kwa Kikamba alichookota sokoni, uwanja mzima ukaangua kicheko. Saning'o naye alicheka siku hiyo. Mkutano uliofuata alitabasamu. Lakini kule machimboni, wafanyakazi walipomkatiza hotuba yake ya ardhi wakidai mama arudishiwe maikrofoni, roho ilimwuma. Tangu hapo, kila alipomwona mkewe akivaa shanga zake, alimwona mpinzani.

Mtu mzima, mvi zimejaa kidevuni, akawa anasikiliza makofi ya mkewe akiyalinganisha na yake. Nyumbani alinuna. Chakula kikawa na chumvi nyingi, chai ikawa baridi. Mwishowe alimwambia aende kwao Loitokitok akamwangalie mama yake, mama ambaye wakati huo alikuwa mzima wa afya, anamwagilia nyanya. Nalotuesha alimtazama kidogo, akafungasha nguo zake, akaenda.

Siku chache baadaye wazee wakaja kutoka Kajiado kumbariki Saning'o. Hili ndilo jambo alilokuwa akilingojea tangu mwanzo. Koo zote zilijua kwamba aliyebarikiwa na wazee wale ndiye diwani, wengine wanamaliza tu mafuta ya gari. Na baraka yenyewe hutolewa kwa maziwa, tena maziwa yanayotoka katika kibuyu cha mama wa boma, kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume hagusi kibuyu hicho. Saning'o ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana habari hizo, lakini wivu ulikuwa umemfunga macho, hakukumbuka mpaka wazee walipokwisha kuketi.

Muteti, Mkamba ambaye kwao maziwa ni maziwa, alikimbia dukani akarudi na pakiti mbili. Wazee walizitazama zile pakiti, kisha wakatazamana.

"Yeiyo, mama wa hii boma, ako wapi?" aliuliza Simel, mkubwa wao.

Saning'o alijibu kwamba amekwenda Loitokitok, mama yake anaumwa. Simel alikohoa. Alisema huyo mama mkwe ni wa ukoo wao, na juzi tu walionana naye sokoni akibeba kreti ya nyanya. Hakumwaibisha zaidi ya hapo.

"Sisi hatuna haraka," Simel alisema. "Mwite mke wako. Jumamosi tutarudi, atupatie maziwa, halafu aongee na watu. Huyo mama watu wanamsikia. Hata sisi tunamsikia. Hiyo kiti ni yako."

Ilikuwa rahisi hivyo, simu moja tu. Saning'o aliishika simu mfukoni. Akaiona Jumamosi yenyewe: Nalotuesha amesimama mbele, wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika, na yeye pembeni amemshikia mkoba.

"Hawezi kuja, mzee," alisema. "Ako na kazi huko."

"Hawezi, ama wewe hutaki?"

Saning'o aliiachia simu mfukoni. Wazee waliokota fimbo zao, wakainuka mmoja mmoja. Hawakumlaani, hawakumbariki. Muteti alijishika kichwa. Saning'o aliwasindikiza kwa adabu mpaka getini, akijua vizuri kwamba kiti kinaondoka pamoja nao. Kisha akarudi, akaketi peke yake. Aibu ilikuwa njiani, lakini kabla haijafika alihisi nafuu: Jumamosi hakuna mtu ambaye angempigia mkewe makofi.