Eliza Aliyeamka Mapema

Jumamosi alasiri kikundi cha matarumbeta cha usharika wa Kwemzindo kilikuwa kinafanya mazoezi nyuma ya kanisa, upande wa makaburini. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshaanza, na uwanja mzima ulinuka kabichi. Malori ya kwenda Mombo yalishindwa kupanda kwa sababu ya matope, na waliokwisha kuvuna walikuwa wamemwaga kabichi zao mteremkoni juu ya kanisa, zikaoza na kutoa maji meusi ambayo mbwa waliyanusa na kuondoka.

Mwalimu Benjamini alikuwa anawafundisha wimbo wa Jumapili ya mwisho wa mwaka wa kanisa, ile ya kukumbuka kurudi kwa Kristo na hukumu. Unaanza kwa tarumbeta moja peke yake, sauti ndefu ya juu, ndipo zile kubwa zinaingia. Mpigaji wa kwanza alikosea, akakosea tena. Alipoipata ile sauti, kaburi la Eliza likafunguka.

Benjamini aliliona, lakini hakuwasimamisha wapigaji kwa kuwa walikuwa katikati ya ubeti. Eliza alitoka taratibu, kama mtu anayepanda kutoka kwenye shimo la kuchimbia mchanga, akashika nyasi za pembeni, akajivuta. Alivaa lile gauni jeupe alilozikwa nalo, na udongo mwekundu ulimjaa kwenye nywele. Akajikung'uta. Akainama juu ya kikaburi kidogo cha jirani, cha Kulwa, mwanawe aliyefariki kabla hajajua kutembea. Kilikuwa kimya. Akakipapasa, akakiacha. Watoto wana usingizi mzito.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema wimbo ulipokwisha.

"Marahaba, Mama Dotto."

"Wengine wako wapi?"

Benjamini alimweleza kwamba hayo yalikuwa mazoezi tu, akamwomba radhi kwa usumbufu. Eliza akasema hakuna neno. Yeye alikuwa amelala huku anasikiliza, na tarumbeta ilipolia tu aliinuka, kwa sababu alikuwa na jambo la kusema na hakutaka kukuta foleni.

Jambo lenyewe kila mtu Kwemzindo alilijua. Eliza na mumewe Rubeni walikuwa na shamba kando ya kijito. Walipolipata lilikuwa mteremko wa mawe na magugu, wakachonga ngazi kwa majembe ya mkono, wakabeba mbolea kichwani, mpaka likawa shamba la karoti ambalo watu wakipita walisimama kulitazama. Kisha Rubeni akaanguka kutoka juu ya lori la mboga kwenye kona za kushukia Mombo. Matanga yalipokwisha, Nikodemo, kaka mkubwa wa Rubeni na mzee wa kanisa, aliketi na Eliza akamwambia kwa upole kwamba ile ni ardhi ya ukoo, na ukoo ni yeye. Shamba akampa mwanawe wa kiume. Nyumba pia. Eliza akahamishiwa kwenye banda la kuhifadhia karoti, lililoezekwa kwa nailoni. Binti yake Dotto akashuka Mombo kuuza mboga kwenye madirisha ya mabasi.

Mwezi wa Julai, baridi ya huku milimani ikiwa kali, Eliza akapata kichomi. Nikodemo alikuwa na pikapu. Siku hiyo pikapu ilikuwa inaoshwa kwa ajili ya kubebea spika za mkutano wa Injili, naye hakutaka ichafuke, akasema mgonjwa atapelekwa kesho yake. Kesho yake wakapeleka habari za msiba. Nikodemo alinunua jeneza zuri na kuchinja ng'ombe. Pale kaburini, kijiti cha kuchokolea meno kikiwa bado mdomoni, alisema dada yetu amelala tu, tutaonana naye asubuhi ile njema. Waombolezaji wakasema amina, wakarudi kumalizia nyama.

Habari za mwisho wa dunia Eliza alikuwa amezisikia tangu utotoni, kila mwaka, Jumapili zilezile. Wengine zikisomwa waliogopa moto. Yeye alibaki na kitu kimoja tu: kwamba siku moja mtu ataulizwa. Kule bandani, kifua kikimbana na maji yakimdondokea miguuni, hakuwa na kitu kingine cha kujifunika. Ataulizwa. Akafa ameshikilia hilo.

Kwa hiyo kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja kwa Nikodemo. Alimkuta barazani anakula pilau, mafuta yamemchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu," alisema Nikodemo, chakula kikiwa bado mdomoni. Hakuinuka, wala hakumsogezea kigoda. Alimtazama miguu yenye udongo, akamwomba asikanyage sakafu kwa sababu ilikuwa imepigwa deki.

Eliza akasema amekuja kwa ajili ya shauri la shamba. Nikodemo alilamba vidole, kimoja baada ya kingine, akasema mambo ya ufufuo si mambo ya barazani, yana mahali pake. Aje kesho kanisani. Kisha akamwita mkewe amwongezee nyama.

Eliza alilala kwa Hadija, jirani yake wa zamani, mwanamke wa Kiislamu aliyelima pilipili hoho ng'ambo ya kijito. Hadija alimwogesha, akamchana udongo kwenye nywele, akampa kanga na viazi vya kuchemsha. Alimwambia kwamba na wao wanaingoja siku hiyo. Wamefundishwa kuwa ardhi yenyewe itasimulia yaliyofanywa juu yake, naye kila akilitazama lile shamba hujiambia kuwa siku hiyo litakuwa na mengi ya kusema. Kisha akampigia simu Dotto. Dotto alipanda na gari la kwanza la asubuhi, akamwamkia mama yake, akamuuliza kama amekula. Alipoambiwa ndiyo, aliketi miguuni pake akaweka kichwa kwenye mapaja yake, akabaki hivyo mpaka kengele ya kanisa ikalia.

Ibadani Eliza alikaa benchi la mbele. Mchungaji Alen, kijana aliyesoma vizuri, alisoma somo la siku hiyo bila kuruka neno: Mfalme anaketi, anawatenga watu kama kondoo na mbuzi, anawauliza habari za mwenye njaa, za asiye na nguo, za mgonjwa ambaye hakuna aliyekwenda kumtazama. Akahubiri vizuri pia. Alisema Wakristo wengi wanaushika mwisho kwa upande usiofaa, wanahesabu vita na matetemeko, wanatafuta mwaka na mwezi, na mwisho haukuletwa kwetu ili tuuhesabu. Umeletwa ili mnyonge ajue kilio chake hakijapotea, na mwenye nguvu ajue kuwa hakuna alichokipata kwa hila kitakachobaki kimefichwa. Anayeamini kwamba Bwana anarudi, alisema, huanza leo kurudisha kisicho chake. Usharika mzima ukaitikia amina. Nikodemo aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Wakati wa matangazo Eliza alisimama, akaomba kusema.

"Mimi nimeshaamka," alisema. "Nanyi mlio hai mko hapa, na Neno limesomwa. Naomba shamba langu apewe Dotto. Sina lingine."

Watu wote walijua kwamba anasema kweli, na wengi wao walikuwa wamekula ile nyama. Mchungaji Alen alitazama juu, kwenye dari jipya. Mbao za dari zilikuwa zimetoka kwa Nikodemo.

Nikodemo akaja mbele na karatasi kubwa iliyokunjwa. Alikuwa ameipata kwenye semina ya mwinjilisti mmoja mgeni kule bondeni, ikiwa na picha za rangi, mishale, na mnyama mwenye vichwa vingi. Akawaomba vijana wawili waishike pande zote mbili. Akaeleza kwa utulivu, kwa kidole ambacho kucha yake ilikuwa bado na rangi ya pilau. Kwanza unakuja unyakuo, watakatifu wanachukuliwa mawinguni. Kisha dhiki kuu. Kisha mpinga Kristo anashindwa. Kisha miaka elfu ya amani. Baada ya hapo, huku mwisho wa karatasi, ndipo kiti cheupe cha enzi, na vitabu vinafunguliwa, na kesi zinasikilizwa.

"Shemeji yangu ana haki kabisa ya kusikilizwa," alisema. "Ila kesi yake iko hapa." Akagonga ukingo wa karatasi. "Sisi tuko huku. Katikati kuna miaka elfu, na haijaanza. Nani kati yetu atamtangulia Mungu?"

Watu waliisogelea karatasi. Walivutiwa na yule mnyama. Mmoja aliuliza kama kile kichwa cha tatu ni nchi gani, mwingine akauliza kuhusu chapa ya mnyama huyo na usajili wa laini za simu, na mazungumzo yakaendelea hivyo mpaka mvua ikaanza kupiga bati. Eliza alikuwa bado amesimama. Mchungaji Alen alijua kwamba kanisa lake halifundishi hivyo, na kwamba dakika chache kabla yeye mwenyewe alikuwa amefundisha kinyume chake. Alilamba midomo. Akasema jambo hili ni zito, tuliweke katika maombi. Akaliweka katika maombi, watu wakatoka nje, na maji meusi ya kabichi yalikuwa yamefika mpaka kwenye ngazi za kanisa, wakayaruka wameshika sketi na suruali zao.

Dotto alitaka kwenda kwa baba yake mkubwa kumwambia maneno mabaya. Mama yake alimzuia. Alimwambia mtoto wa mtu hamtukani baba yake mkubwa, arudi Mombo akauze, yeye atangoja. Dotto alimuuliza atangoja nini. Eliza alimfunga mtandio vizuri kichwani, akamsindikiza mpaka barabarani.

Baraza la wazee liliketi wiki hiyo kuzungumzia suala la Eliza. Kuhusu shamba hawakusema kitu. Waliamua kwamba matarumbeta yapigwe ndani ya kanisa, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu makaburini walikuwa wamelala wajane wengine, na mayatima, na mfanyakazi mmoja wa ndani aliyezikwa haraka. Benjamini alilalamika kwamba ndani sauti inagongana. Akaambiwa azoee.

Hakuna aliyemfukuza Eliza, na hakuna aliyemzika tena. Kaburi lake lilijaa maji ya mvua, bata wakawa wanaogelea humo. Lakini aliyefufuka naye hula, na Hadija hakuwa na shamba la kulisha watu wawili, kwa hiyo Eliza akaomba kibarua. Aliyekuwa na kazi ni Nikodemo. Alimpa kupalilia karoti kando ya kijito, zile ngazi alizozichonga mwenyewe, na kwa kuwa alizijua vizuri kuliko mtu yeyote, kazi yake ilikuwa safi. Kanisani Nikodemo alisifiwa. Walisema mzee huyu hata wafu hawaachi. Baada ya muda watu walimzoea, wakimkuta shambani wanamsalimu kwa Kishambaa na kupita. Alipokuwa anainama, udongo mwekundu ulikuwa bado unamtoka kidogo kwenye nywele, hata baada ya kuoga mara nyingi.

Baada ya Krismasi, Nikodemo aliita fundi, akamwonyesha mahali makaburini, upande wa juu penye kivuli cha mikaratusi. Alisema anataka kutayarisha nyumba yake mapema, asije akawasumbua watoto. Hakuwa anaumwa. Fundi alichimba, akapanga matofali, akaanza kumwaga zege. Nikodemo alikuwa amesimama juu ya shimo, anamwambia aongeze. Chini aongeze, pembeni aongeze, na mfuniko uwe wa nondo, mnene, usio na tundu wala ufa. Fundi akasema kwa hali hiyo hata ngurumo, hata tarumbeta, mtu hataisikia. Nikodemo akamwambia, vizuri.

Maji ya kukorogea zege yalikuwa yanachotwa kijitoni, na aliyeyabeba alikuwa Eliza, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na palizi. Alitua ndoo, akatazama shimoni, akautazama ule mfuniko uliokuwa umelazwa kwenye nyasi unangoja kukauka. Ulikuwa mnene kuliko ukuta wa kanisa. Kwa muda wote huo alikuwa amedhani kwamba Kwemzindo nzima ni yeye peke yake aliyeyachukua maneno yale ya hukumu kuwa ya kweli.

"Shemeji," alisema, "kumbe na wewe unaamini."

Nikodemo alimtazama, na ilionekana ameudhika kuulizwa jambo kama hilo na kibarua.

"Mimi ni Mkristo, Eliza," alisema. "Tangu lini nikaacha kuamini?"

Kisha akamwambia afanye haraka na ndoo nyingine, zege linaganda. Eliza akajitwika ndoo, akashuka kijitoni.